Umaskini usiokwisha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara katika vikao vyetu vya Katuba, Lubumbashi

Kila Jumamosi alasiri tunakutana chini ya mwembe, katika uwanja wa parokia moja hapa Katuba. Huja mama wa soko, walimu, wauza makala (makaa ya kupikia), wachimbaji waliorudi likizo, wanafunzi wa chuo kikuu na wazee waliozoea kusema "zamani, wakati wa posho". Maswali hayabadiliki sana mwaka hadi mwaka, ndiyo maana nimeyaandika. Majibu ni yangu. Nilipoegemea upande mmoja, nimesema wazi.

Tuna shaba, tuna kobalti. Kwa nini tuko maskini?

Karibu kila mara anayeuliza ameshajijibu: wanatuibia. Wizi upo, tutaufikia. Lakini kwanza nawaomba watu watoe simu tupige hesabu. Mwaka 2024 Kongo ilitoa zaidi ya tani milioni 3 za shaba. Duniani ni Chile tu iliyotupita. Bei ya mwaka ule ilikuwa karibu dola 9,000 kwa tani. Zidisha: dola bilioni 27 hivi. Sasa gawanya kwa watu milioni 100, ingawa tumeshapita hapo. Kila mtu anapata dola 270 kwa mwaka, yaani chini ya dola moja kwa siku. Na hapo hatujalipa dizeli, asidi, umeme, malori wala mshahara wa mtu yeyote. Tumejifanya shaba inatoka ardhini bure, na kila senti inamfikia kila mtoto kuanzia Sakania mpaka Moanda, pembe hadi pembe ya nchi.

Watu hunyamaza kidogo hapo. Mzee mmoja aliwahi kunirudishia simu akidhani imeharibika.

Kobalti je? Zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia inatoka kwetu, kweli, ila soko lake ni dogo mno ukililinganisha na la shaba. Kwa hiyo madini peke yake hayatoshi kulisha nchi ya ukubwa huu, hata yakisimamiwa na malaika. Yanaweza kununua mwanzo wa kitu kingine: barabara, umeme, shule, kiwanda. Ndiyo sababu swali ninalolipenda zaidi ni hili: pesa ikishapita hapa, inaacha nini? Mgodi wa kisasa unaendeshwa kwa mashine. Unaajiri watu elfu chache katika mkoa wenye mamilioni. Mashine zimenunuliwa nje, mkopo umechukuliwa nje, mwenye hisa yuko nje. Kinachobaki ni kodi na mishahara, na kodi ina safari yake ndefu.

Nimekuwa nikirudia jambo moja mpaka vijana wananitania nalo: umaskini wetu ni wa kuanza upya. Nchi inaanza upya, familia inaanza upya, na kila mara mtaji ule wa kwanza umeshaliwa. Majibu mengi yaliyo hapa chini yanazunguka hapo.

Maskini ni nani hasa? Mimi nina simu na nguo nzuri.

Benki ya Dunia hutumia mstari wa matumizi ya siku. Mstari huo ulikuwa dola 2.15, Juni 2025 ukapandishwa hadi dola 3, ukihesabiwa kwa namna inayosawazisha bei za nchi mbalimbali. Kwa mstari ule wa zamani, karibu Wakongomani watatu katika kila wanne walikuwa chini yake mwaka 2024.

Amartya Sen, Mhindi aliyepata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1998, aliangalia kwingine: mtu anaweza kufanya nini na kuwa nani? Anaweza kujitibu, kusoma, kuonekana mbele za watu bila aibu? Kipimo hicho naona kinatufaa zaidi hapa. Nchini mwetu zaidi ya watoto wanne katika kila kumi walio chini ya miaka mitano ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka, kwa sababu ya kukosa chakula bora tangu tumboni. Simu nzuri ya baba haiondoi hilo.

Nafanya kazi tangu alfajiri hadi usiku. Kwa nini sitoki?

Hapa nakaa muda mrefu. Hili ndilo swali lenyewe. Mengine ni siasa.

Chukua mama anayeuza unga kwa meka, yaani kopo la kupimia, mbele ya nyumba yake. Ana mtaji wa mifuko miwili ya kilo 25. Faida ya mfuko inatoa bukari (ugali) ya nyumbani, sombe (kisamvu), makala, maji, na kitu kidogo cha kuweka kwenye likelemba, mchezo wa kuchangishana na kupokea kwa zamu. Mwezi wa kwanza unakwenda. Mwezi wa pili mtoto anashikwa na malaria, analazwa siku tatu. Hospitali haingoji zamu ya likelemba. Mfuko mmoja unaliwa. Kwa mfuko uliobaki hapati bei ya jumla, kwa hiyo faida inapungua nusu, na sasa hata dharura ndogo, kama msiba wa jirani unaotaka mchango, inakula mfuko wa pili. Anakwenda kwa dada yake kukopa. Anaanza upya. Baada ya miaka mitatu ameanza upya mara nne, amefanya kazi siku zote, na ukimpiga picha mwanzo na mwisho utaona ni mtu yuleyule, meza ileile, ila amechoka zaidi.

Wachumi huuita mtego wa umaskini. Ndani yake kuna mambo yanayoonekana madogo. Maskini hununua kwa bei ghali: meka ukizijumlisha zinazidi bei ya mfuko, makala ya kirundo yanazidi ya gunia, maji ya bido (dumu) yanazidi ya bomba. Si ujinga, hana pesa za gunia leo. Maskini hukopa kwa riba ya mwezi, ambayo mwenye mshahara angeilipa kwa mwaka. Kiwanja chake hakina hati iliyokamilika, basi benki haikipokei kuwa dhamana. Na kwa kuwa anajua dharura itakuja, anaogopa kuweka kila kitu kwenye biashara moja. Anauza unga, anakaanga mandazi, anapangisha chumba, ana kashamba nyuma ya Kasapa. Kila kimoja ni kidogo mno kukua. Ninyi vijana wa uchumi mnaandika kwamba hajui kubobea. Anajua sana, anabobea katika kutokufa njaa.

Abhijit Banerjee, Esther Duflo na Michael Kremer, waliopata Nobel mwaka 2019, walitumia miaka mingi kuchunguza maisha ya aina hii kwa majaribio, kijiji kwa kijiji. Mojawapo ya mambo ambayo majaribio kama hayo yalionyesha katika nchi kadhaa ni hili: familia fukara kabisa ikipewa kwa pamoja mali ya kuanzia (mbuzi, kuku, bidhaa), posho ya muda, mafunzo na mtu wa kuifuatilia, wengi huwa bado wako juu kidogo miaka kadhaa baadaye. Yaani kusukumwa mara moja kunaweza kudumu, iwapo posho inaulinda mtaji usiliwe katika miezi ya mwanzo. Mama wa sokoni niliowaeleza waliniangalia kama mtu anayetangaza kwamba maji yanalowesha.

Si uvivu tu?

Pita barabara ya Kasumbalesa saa kumi na moja asubuhi, uhesabu baiskeli za makala.

Ndugu ndio wanaoniua. Nikipata kidogo, wanafika sita.

Vijana wengi hulalamika hivyo, na wana haki. Lakini fikiria nani atakulaza hospitali siku yako ikifika. Pasipo bima, ndugu ndio bima, na kila anapokuomba unalipa mchango wa bima hiyo. Ubaya wake ni kwamba inakata zaidi kwa anayejaribu kuinuka. Ndiyo maana wengine hugeuza pesa kuwa matofali haraka, kwa sababu tofali haliombwi. Ukiona ukuta uliosimama kiunoni miaka mitano katika mtaa wetu, usicheke. Ni akaunti ya akiba.

Basi kwa nini watu hawaweki benki?

Waulize wazee. Tarehe 25 Desemba 1979, siku ya Noeli, serikali ya Mobutu ilizifuta noti za zaire 5 na 10, ikatoa siku chache tu za kubadilisha, na kwa kiwango kilichowekewa kikomo. Wakulima waliokuwa na mauzo ya msimu mzima ndani ya kopo walibaki na karatasi. Kisha ikaja miaka ya 1990. Mwaka 1994 bei zilipanda kwa zaidi ya asilimia 9,000. Oktoba 1993 zaire mpya moja ilibadilishwa kwa zaire za zamani milioni 3. Mwaka 1998 franka moja ikabadilishwa kwa zaire mpya 100,000. Ukizidisha, franka moja ilikuwa sawa na zaire za zamani bilioni 300. Aliyekuwa na akiba ya uzeeni kwenye daftari la benki hakubaki hata na nauli ya kwenda kulifunga.

Ndiyo maana leo kambista, mbadilisha pesa, amekaa kila kona, kodi ya nyumba inatajwa kwa dola, na likelemba ina nguvu kuliko tawi la benki. Pesa za simu zimesaidia, sana hata, lakini nyingi hupita tu: zinaingia asubuhi, zinatoka jioni.

Si wakoloni waliotufikisha hapa?

Kwa sehemu kubwa, ndiyo, na mji huu ni ushahidi. Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika hapa 1910, mwaka uleule mji ulipozaliwa kwa jina la Élisabethville, na 1911 shaba ya kwanza ikayeyushwa. Angalia hiyo reli ilielekea wapi. Ilikwenda Rhodesia na bandari za mbali. Baadaye, 1931, nyingine ikaunganishwa mpaka Lobito, Angola. Reli zilichorwa kutoka shimoni hadi bandarini. Kijiji na kijiji havikuunganishwa, ila pale vilipokuwa njiani.

Kisha watu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni iliona ni nafuu kuwaweka wafanyakazi na familia zao makambini kuliko kuleta wapya kila mara: nyumba, zahanati, shule ya msingi, na posho ya unga na samaki kila wiki. Wazee wetu wanaililia posho hiyo mpaka leo, nami siwacheki, walikula. Ila mfumo uleule ulimfundisha mtoto kuwa fundi na kumfungia mlango wa kuwa injinia. Siku ya uhuru, 30 Juni 1960, nchi nzima haikuwa na watu 30 waliomaliza chuo kikuu. Kampuni iliyotoa shaba kwa nusu karne haikuacha kundi la Wakongo wanaoweza kuiendesha. Desemba 1941 wafanyakazi waliogoma wakidai nyongeza walipigwa risasi na askari hapa mjini. Hilo nalo ni sehemu ya uchumi, kwa sababu mshahara haupangwi na soko peke yake.

Daron Acemoglu, Simon Johnson na James Robinson, waliopata Nobel mwaka 2024, wanaeleza kwamba mahali ambapo wakoloni waliweka mifumo ya kunyonya, mifumo hiyo huendelea hata bendera ikibadilika, kwa kuwa mtawala mpya anakuta mashine ya kukamulia imeshatengenezwa. Nakubaliana nao kwa hapa kwetu. Ninachoongeza ni kwamba mashine haijiendeshi. Tangu 1960 wako watu, wenye majina ya kwetu, walioshika mpini.

Mnamaanisha Mobutu?

Yeye na waliokuwa meza moja naye. Mwanzoni mwa 1967 Union Minière ilitaifishwa, ikazaa kampuni tunayoijua kama Gécamines. Kwa miaka kadhaa mambo yalikwenda: bei nzuri, shule, hospitali, timu za mpira. Tarehe 30 Novemba 1973 ikatangazwa zairianisation: maduka, mashamba na biashara za wageni wakapewa wazalendo, yaani, kwa kiasi kikubwa, watu wa karibu na chama. Wengi waliuza bidhaa zilizokuwa rafuni na hawakujaza tena. Ndani ya miaka michache serikali ilikuwa inawaita wenyewe wa zamani warudi. Duka lilikuwa tayari tupu.

Wakati huohuo bei ya shaba ilianguka kwa zaidi ya nusu kati ya 1974 na 1975, na vita vya Angola vikaifunga njia ya Lobito. Nchi ilikuwa imekopa kama vile bei haishuki kamwe. Mfano mmoja wa mikopo hiyo uko juu ya vichwa vyetu: nyaya za umeme kutoka bwawa la Inga hadi Kolwezi, kilomita 1,700 hivi, zilizomalizika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Zilipita juu ya vijiji vingi vilivyobaki na kandili. Umeme ulikuwa na miadi na mgodi.

Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa karibu tani 470,000 za shaba kwa mwaka. Faida ilikamuliwa Kinshasa, vipuri havikununuliwa. Septemba 1990 mgodi wa chini wa Kamoto ukaporomoka. Ukaja uporaji wa 1991, na 1992–93 ndugu zetu wa Kasai wakafukuzwa Katanga kwa mamia ya maelfu, wakiwemo mafundi na walimu ambao mitambo na madarasa viliwategemea. Hilo la mwisho tulilifanya sisi, majirani. Kufikia 1994 shaba ilikuwa tani 30,000 tu hivi. Kampuni ilipoanguka, haikuanguka peke yake: ndiyo iliyokuwa hospitali, shule, barabara na duka. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa mpango wa "départ volontaire", yaani kuondoka kwa hiari, uliogharimiwa na Benki ya Dunia. Wazee hulitamka neno "volontaire" kwa namna yao.

Kwa nini tunakula unga wa Zambia wakati ardhi yetu inalala?

Swali la mama, kila mara. Kasumbalesa iko kilomita 90 hivi, barabara ni ya lami. Mkulima wetu wa Mitwaba au Kaniama yuko mbali zaidi, na kati yake nasi kuna matope, daraja lililoanguka, na vizuizi ambapo kila mwenye kofia anataka "maji ya kunywa". Gunia likifika hapa limelipa njiani pengine kuliko lilivyomlipa aliyelilima. Mkulima huyo anapata tani moja kwa hekta, mara nyingi chini ya hapo, kwa jembe la mkono, bila mbolea, kwa mbegu za mwaka jana. Akizidisha mavuno, yataozea ghalani.

Kuna sababu nyingine isiyoonekana. Mji wa madini una dola, na dola hurahisisha kununua nje kuliko kuzalisha ndani. Kijana hodari wa kijijini hulinganisha msimu mmoja wa mahindi na wiki moja nzuri shimoni, akaacha jembe. Mgodi haukumkataza mtu kulima, ila umefanya kulima kuonekane upumbavu.

Matokeo tuliyaona 2024. Zambia ilipigwa na ukame, ikatangaza janga la kitaifa mwezi Februari, na mahindi yakawa adimu huko kwao. Mvua haikunyesha Choma, meka ikapanda Katuba.

Wachimbaji wanashika pesa nyingi. Kwa nini haikai?

Jibu la haraka huwa ni bia na wanawake. Nimewasikia wachimbaji wenyewe wakilitoa. Bia ipo, lakini tazama mlolongo. Kijana anachimba chini ya PDG, yaani bosi wa shimo, aliyemkopesha chakula na tochi, na deni linakatwa kwanza. Mzigo unakwenda depo, nyumba ya kununulia madini. Mnunuzi anaupima kiasi cha madini kwa mashine ya Metorex ambayo mchimbaji haruhusiwi kuigusa wala hajui kuisoma. Mashine inasema asilimia fulani, kisha inakatwa ya unyevu, kisha ya uchafu. Bei ya dunia ikishuka, depo inashusha siku hiyohiyo. Ikipanda, habari huchelewa.

La zaidi ni kwamba shimo si lake. Sheria inamtaka achimbe katika maeneo yaliyotengwa kwa wachimbaji wadogo, lakini maeneo hayo ni machache na mengi hayana madini ya maana, kwa hiyo anachimba juu ya kibali cha mwingine. Kesho anaweza kufukuzwa. Nani atanunua mbao za kuzuia shimo lisiporomoke, shimo ambalo wiki ijayo huenda si lake? Anachimba haraka, anauza haraka, anatumia haraka. Ukimpa mtu huyo hakika ya miaka mitatu, nadhani utaona tabia nyingine. Siwezi kuapa.

Kanuni mpya ya madini haikubadilisha kitu?

Imebadilisha, na wanaosema haikubadilisha kitu wanawarahisishia kazi wanaokula. Kanuni ya 2002 ilitungwa kuwavuta wawekezaji wakati nchi iko vitani. Mrabaha wa shaba, yaani sehemu ya mauzo inayolipwa kwa nchi, ulikuwa asilimia 2. Marekebisho ya 2018 yaliupeleka 3.5, na kobalti, ilipotangazwa kuwa madini ya kimkakati, ikapanda hadi 10. Mrabaha unagawanywa: 50 kwa serikali kuu, 25 kwa mkoa, 15 kwa komuni, sekta au uchifu wenye mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Juu yake kampuni inatakiwa kutenga asilimia 0.3 ya mauzo kwa ajili ya jamii zinazoizunguka.

Hiyo 15 ndiyo ninayowaambia vijana waishike. Ni pesa inayoshuka karibu nasi, na mwenye kuipokea ana ofisi unayoweza kuifikia kwa miguu. Mpango wa maendeleo na bajeti ya komuni si siri; ombeni kuviona. Tulijaribu mahali fulani, tukaambiwa mwenye ufunguo wa kabati amesafiri. Tulirudi mara tano. Mara ya tano ufunguo ulipatikana.

Katiba ya 2006 nayo inasema mikoa ibakize asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayopatikana kwao, kabla pesa haijapanda Kinshasa. Kwa vitendo pesa hupanda kwanza, na kinachorudi huwa ni kidogo na kimechelewa.

Watoto wengi je?

Wastani wetu ni zaidi ya watoto watano kwa mwanamke, na idadi ya watu inakua kwa asilimia 3 hivi kila mwaka, maana yake inajirudia maradufu ndani ya miaka ishirini na kitu. Shule iliyojengwa leo inajaa kesho. Huo ni mzigo, nisifiche. Ila sababu na matokeo hapa hushikana mikono: mahali watoto wanapokufa, na ambapo mtoto ndiye pensheni, wazazi huzaa wengi. Nchi nyingi ziliona uzazi ukipungua wasichana walipofika sekondari na watoto wachanga walipoacha kufa. Ukimwambia mama azae wawili huku zahanati haina dawa, unamwomba acheze kamari.

Shule ya msingi si bure sasa?

Tangu Septemba 2019, katika shule za serikali. Kabla ya hapo wazazi ndio waliokuwa wakimlipa mwalimu kwa "primi", desturi iliyoanza mishahara ilipokufa miaka ya 1990. Watoto wakamiminika. Madarasa hayakuongezeka kwa kasi hiyo, wala walimu wote hawakuingizwa kwenye orodha ya mishahara. Nina wenzangu wenye wanafunzi zaidi ya 80 katika chumba kimoja. Bado nasema ni hatua, ingawa mtoto anayemaliza darasa la sita bila kusoma sentensi amepewa kiti tu.

Misaada na kufutiwa madeni?

Julai 2010 tulifutiwa madeni ya zaidi ya dola bilioni 12, mengi yakiwa ya Mobutu. Ni jambo jema. Kulipa riba ya pesa zilizokwishaliwa ni kuchota maji kwa kapu. Misaada imeokoa maisha mengi kwa chanjo, vyandarua na dawa. Sijaona mahali ilipojenga uchumi peke yake.

Na vita vya mashariki, sisi vinatuhusu nini?

Goma iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025, Bukavu mwezi uliofuata. Kila franka ya risasi imetoka kwenye bajeti ileile inayongojwa na barabara ya Mitwaba. Na yule mama wa unga tuliyemtaja juu yuko Goma pia, ila yeye ameanza upya akiwa na watoto mgongoni, pengine mara ya tatu katika maisha yake.

Kuna nchi zilizotoka kweli, au ni hadithi?

Zipo. Botswana ilipata uhuru 1966 ikiwa na kilomita 12 tu za lami. Almasi zikapatikana Orapa mwaka uliofuata. Iligawana kampuni ya almasi nusu kwa nusu na De Beers, ikaandika bajeti inayosomeka, ikaweka akiba wakati wa neema. Isitukuzwe kupita kiasi: ina watu wachache, bado ina ukosefu mkubwa wa kazi, na bei ya almasi iliposhuka miaka hii imetikisika. Korea ya Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilikuwa maskini kabisa na haikuwa na madini ya kujivunia. Ilikuwa imegawa ardhi kwa wakulima na kujaza watoto shuleni kabla ya viwanda. China ilianza kwa kuwaachia wakulima wauze mavuno yao, baada ya 1978, na mamia ya mamilioni ya watu wakavuka mstari.

Hazikufuata njia moja. Zinachofanana ni kwamba zilipitisha miaka thelathini hivi bila kufuta kila kitu na kuanza tena.

Ule mlima mweusi pale kwenye bomba la moshi, bado una mali?

Mtoto wa miaka kumi na mmoja ndiye aliyeuliza, na ni swali zuri kuliko mengi ya wakubwa. Ndiyo, unayo. Ni mabaki ya kuyeyushia shaba tangu enzi za Union Minière. Wakati ule waliitaka shaba. Mengine yakamwagwa hapo. Tangu miaka ya 2000 mwanzoni mlima unarudiwa kuchimbwa kwa ajili ya kobalti, shaba na zinki zilizobaki. Na ndani yake kuna gemaniamu, madini yanayoingia kwenye nyaya za intaneti za kioo na kwenye vifaa vya kuonea usiku. Kampuni ya STL, tawi la Gécamines, imejenga kiwanda hapa hapa mjini cha kuyachambua, na mzigo wa kwanza ulisafirishwa mwishoni mwa 2024. Ulikwenda Ubelgiji, kwa Umicore.

Mtoto aliuliza Umicore ni nani. Ni Union Minière, iliyobadilisha jina mwaka 2001. Akauliza kama wao sasa wanajua kuyayeyusha na sisi bado. Nilimwambia sehemu ya kwanza ya kazi sasa inafanyika hapa, na ya pili kule. Akataka kujua ya pili ina ugumu gani, na hapo ikabidi nimwite injinia wa Ruashi, ambaye ameahidi kuja Jumamosi.